Motere ilizima, nikarudishwa kwetu mimi: kisa cha kifuniko cha tangi, Kalundu

Wakuu, nawasalimu nyote, wa ziwani na wa nchi kavu.

Mimi ni bibi mzee, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi imeruka mnisamehe. Haya yamenipata mimi mwenyewe, si ya kusimuliwa. Kama kuna uongo humu, simu hii inizimikie mkononi kabla sijamaliza.

Sikuwa na mpango wa kuandika. Huwa nasoma tu, nacheka, nalala.

Lakini jana nimesoma uzi wa kaka mmoja wa Kamanyola. Analalamika kwamba pampu yake ya kumwagilia nyanya inawaka vizuri, inanguruma kidogo, halafu inazima. Amebadilisha buji, yaani plagi, amesafisha kabureta, wapi. Na katikati ya malalamiko akachomeka, kama mtu anayeongeza chumvi, kwamba pampu ilianza vituko wiki ileile aliyooa, na kwamba amemrudisha mke kwao "apumzike kidogo".

Nikasema moyoni, ngoja nione wenzake watamwambia nini.

"Pole mkuu, kuna wanawake wana nyota mbaya." "Mkuu chunguza ukoo wake." Mwingine kaweka kicheko tu. Na laiki kibao!

Niliitupa simu kitandani. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Miaka yote hii, mna shule, mna intaneti, bado mnatengeneza mashine kwa kumfukuza mwanamke?

Haya. Kaeni chini niwaambie.

Hii ni miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Mimi ni mzaliwa wa Makobola, kusini ya Uvira, ufukweni. Mama yangu alikuwa anauza mawese. Jina langu ni Feza, na wakati huo nilikuwa msichana wa kuolewa, mwembamba, mwenye meno yote.

Aliyenichumbia aliitwa Donati. Kwao ni Songo, pale Uvira, lakini kazi yao ilikuwa bandarini Kalundu. Baba yake, Mzee Bulimwengu, alikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao uliobeba watu na mizigo: leo Makobola, kesho Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Ndagala, ndiyo dagaa wenu, unga wa mihogo, mawese, wasafiri wanaotapika, vyote alibeba.

Na nyuma ya mtumbwi kulikuwa na motere. Ile injini ndogo inayoning'inizwa, tangi lake la petroli, au esanse kama tulivyoiita, likiwa juu kichwani. Aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyeacha uvuvi. Wakati ule mtu mweusi mwenye motere yake mwenyewe alikuwa anahesabika. Watoto walikuwa wanakimbia ufukweni wakisikia mlio wake.

Sasa mjueni huyu Mzee Bulimwengu, maana bila kumjua yeye hamtaelewa kitu.

Alikuwa na ugonjwa mmoja: tundu. Hakuweza kuona tundu akaliacha. Alijifunza kazi kwa kuziba mitumbwi, na kila siku alitembea na kopo dogo la lami na kisu butu. Anachovya pamba kwenye lami, anaisokomeza katikati ya mbao, anapitisha kidole gumba juu, kwisha. Mtumbwi wake haukuingiza maji hata tone. Kalundu nzima ilimheshimu kwa hilo, na hata mimi namheshimu kwa hilo. Kwa hilo tu.

Nyumbani kwake Songo alikuwa ameziba mpaka tundu la mlango ambalo paka alikuwa anapitia. Paka akahamia kwa jirani.

Siku ya kunichukua walikuja Makobola na motere, ikinguruma vizuri kabisa, kila mtu aliisikia. Wakafunga mtumbwi, wazee wakaingia ndani kuzungumza, wanawake wakaimba. Mimi nilikuwa nimefunikwa kitenge kichwani, sioni kitu. Kwetu bibi-arusi hasemi neno tangu atoke kwao mpaka avuke mlango wa mkwe. Mkumbuke hilo, kwamba nilifungwa mdomo.

Jioni tukapanda. Motere ikawaka kwa mvuto mmoja. Vigelegele.

Hatujafika mbali, ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Donati akafungua tangi, akaangalia, petroli ipo. Akafunga, akavuta kamba, ikawaka. Vigelegele, ila safari hii vichache. Mwendo kidogo, ikazima.

Ikawa hivyo hivyo ziwa zima. Mwisho wakachukua makafi. Bibi-arusi wa kwanza wa motere akaingia Kalundu kwa kupigiwa makafi, na wanawake waliokuwa wanasubiri kwa ngoma wakanyamaza mmoja mmoja.

Aliyevunja ule ukimya alikuwa shangazi yake Donati, Shangazi Veneranda. Nilimsikia chini ya kitenge changu, wala hakujisumbua kushusha sauti.

"Motere ilienda muzuri. Imerudi na huyu, imekufa. Minye sisemi kintu, lakini bantu bote banaona."

Hasemi kitu! Kumbe angesema ingekuwaje?

Na mimi, nyama ya mdomo ipo, meno yapo, ulimi upo, siruhusiwi kujibu.

Asubuhi yake nikadhani yatakwisha. Wapi. Siku zilizofuata wanaume walikalia ile motere kama madaktari. Walitoa buji, wakaisugua kwa mchanga, wakairudisha. Ikawaka, ikazima. Wakafungua kabureta juu ya gunia, wakapuliza kila kijidude. Ikawaka, ikazima. Wakasema petroli ina uchafu, wakaichuja kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kitenge changu cha arusi, bila kuniuliza! Ikawaka, wakashangilia. Ikazima.

Siku zile za kwanza nilikuwa bado naruhusiwa kushuka ufukweni, nikaona jambo moja. Kila ikizima, Donati alifungua kifuniko cha tangi kuangalia petroli, na kifuniko kikalia fyuu, kama mtu aliyezama anapotoa kichwa nje ya maji. Akifunga na kuvuta kamba, inawaka. Nililisikia lile fyuu, likaniingia sikioni, likakaa humo. Sikujua la kulifanyia.

Kisha zikaanza sheria.

Feza asishuke ufukweni. Feza asibebe kopo la petroli. Feza asipite juu ya kamba ya kuwashia, asiguse kafi, asiwapikie wanaosafiri asubuhi. Wavuvi wa kwetu walikuwa na miiko yao ya zamani kuhusu mwanamke na nyavu, basi Shangazi Veneranda akaichukua yote akaihamishia kwenye mashine ya Wazungu. Mashine ambayo hata aliyeiunda hajui kuwa kuna mimi!

Nikakaa Songo, juu kule, siuoni hata ufukwe. Motere ikazima vilevile.

Mnadhani walisema, aa, kumbe siye yeye? Shangazi akasema, "Iko anaiwaza. Akiiwaza inazima."

Mnaona? Nikiwepo, ni mimi. Nisipokuwepo, ni mawazo yangu. Hapo mtu anajitetea kwa mlango gani?

Na Donati? Donati alikuwa anakula, anatazama sahani. Nikimwuliza, "Na weye unaamini?" ananijibu, "Minye sijui, Feza. Papa ndiye anajua." Papa, yaani baba yake! Wakuu, maneno yale yaliniuma kuliko ya shangazi. Shangazi sikuolewa naye.

Mambo yakaharibika zaidi siku motere ilipozimikia karibu na mdomo wa mto Ruzizi, upepo ukiwa mkali. Mawimbi yakausukuma mtumbwi mpaka kwenye mafunjo, na pale ni kwa viboko. Hakufa mtu, Mungu ni mwema. Lakini magunia ya ndagala yalilowa yote, na abiria walifika nyumbani wakiapa kutopanda tena kwa Bulimwengu.

Ukoo ukakaa. Sikuitwa. Niliitwa mwishoni kusikia.

Mzee Bulimwengu akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha: "Mwanangu, rudi kwanza kwenu. Tutaangalia kama mambo itakuwa muzuri. Ikikaa muzuri bila weye, basi tutakuwa tumejua."

Yaani tumejua nini, Mzee? Kwamba mimi ndiye mchawi?

Na kwetu mwanamke aliyerudishwa kwa mkosi haolewi tena. Hata akienda kununua chumvi, watu wanapisha njia. Nilikuwa nakwenda kuzikwa nikiwa hai, kwa sababu ya chuma kinachokunywa petroli.

Donati alinisindikiza kwa miguu mpaka Makobola, begi langu kichwani mwake. Mlangoni akasema, "Nitakuja, Feza." Akageuka. Hakulala, hakunywa maji.

Hakuja.

Mama yangu alinitandikia, akanipa samaki, akaniacha nilie.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja akaja mteja wa mawese. Mama akachukua debe lililokuwa bado limefungwa, akatoboa tundu moja pembeni kwa msumari, akainamisha. Mawese yakatoka. Yakasitasita, yakakohoa, yakakata. Mteja akasema, "Mama, limeisha?" Mama akacheka, akatoboa tundu la pili upande wa pili, la kuingiza hewa. Mawese yakamwagika bila kukatika.

Kitu nimekiona tangu nanyonya! Kila muuza mawese anajua, debe la tundu moja halimimini, linabanwa. Lakini siku ile nilisimama kama nimepigwa kofi.

Inatoka, inakohoa, inakata. Na lile fyuu likaamka sikioni mwangu.

Nikasema, "Mama, tangi la motere linaingiza hewa wapi?"

Mama akasema, "Minye nijue motere? Si kutakuwa na katundu."

Halafu akaweka debe chini polepole.

"Feza. Ile siku ya kukuchukua, mkwe wako aliniomba pamba."

"Pamba ya nini?"

"Alisema mawimbi yalirukia tangi wakati banakuja, maji yasiingie kwa esanse, juu leo atabeba bibi-arusi. Nilimutolea pamba kwa muto wako wa kulalia. Nikamuona anachovya kwa lami, anakaza kidole pale juu ya motere. Nikasema, huyu mukwe iko muntu wa kujali."

Wakuu, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, halafu hasira ikanisimamisha. Mzee aliziba tundu kwa heshima yangu! Tundu la kifuniko, lililowekwa na waliotengeneza ili tangi livute hewa petroli ikipungua. Akaliziba kwa pamba ya mto wangu, motere ikakosa pumzi, nikarudishwa mimi!

Kesho yake tulishika barabara ya ziwani, mimi na mama. Msumari niliubeba mimi, uleule wa debe.

Tulifika Kalundu watu wakiwa wanapakua samaki. Shangazi Veneranda aliniona wa kwanza, akaweka mkono mdomoni kama ameona chui. Donati alikuwa ameinamia motere, amelowa jasho. Bila mimi, mnaelewa? Mimi niko Makobola siku zote zile, na motere bado ilikuwa inazima. Hakuna aliyetuma mtu aje kusema, Feza, kumbe tulikosea.

Mama akamsogelea Mzee Bulimwengu kwa adabu zote.

"Papa Donati, salamu nitakupa nyuma. Mwambie mutoto afungue kile kifuniko."

Mzee akasema, "Tumekifungua mara mingi, mama. Esanse iko."

"Hatuangalii esanse. Tuangalie kifuniko."

Donati akafungua. Fyuu. Nikanyoosha mkono, akanipa. Shangazi akapiga kelele kwamba nisiguse, nikagusa. Nikakigeuza, nikakifuta grisi kwa ncha ya kitenge changu, kilekile kilichochujia petroli. Katikati, ndani ya weusi, palikuwa na weusi mwingine mgumu. Nikauweka msumari, nikasukuma, ikatoka pamba. Ndogo, kama punje ya mchele. Nikaiweka kwenye kiganja cha Mzee Bulimwengu.

Akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Tundu ni tundu," alisema.

Donati akafunga, akavuta kamba. Ikawaka. Akausukuma mtumbwi ziwani, akazunguka, akaenda mbali mpaka akawa mdogo, akarudi, akaenda tena. Bandari nzima imesimama inasubiri izime. Haikuzima. Ilikuja kuzimwa na mkono wake.

Sasa nikasubiri. Nilisema moyoni, leo watasema walikosea.

Shangazi Veneranda akapiga makofi, akaimba. "Basi mukosi umeondoka! Si nilisema? Alienda kuuacha kwao, sasa amerudi na baraka!"

Watu wakaitikia! Watu wazima, wameiona pamba kwa macho yao!

Nikasema, kwa sauti ambayo hata wapakuzi waliweka magunia chini: "Sikurudi na baraka. Nimerudi na msumari."

Kisha nikamgeukia Donati. "Siku ile, nani alishika kopo la lami Papa akiziba?"

Akainama. "Minye."

"Na nani amefungua kifuniko hiki kila siku?"

"Minye, Feza."

Basi. Sikuwa na swali lingine. Alikuwa nacho mkononi kila siku, hakuwahi kukigeuza akitazame. Kutazamwa nilitazamwa mimi.

Mzee akasema, "Twende nyumbani Songo, mwanangu, tule." Nikakataa. Kwetu mke aliyerudishwa haokotwi ufukweni kama samaki. Mnamfuata kwao, na pombe, na mnasema mbele ya watu wake kilichotokea. Nikamshika mama mkono, tukarudi Makobola kwa miguu.

Walikuja. Tuliisikia motere kutoka mbali, haikukatika hata mara moja. Walileta pombe na mbuzi. Msemaji wao akaanza kupaka mafuta maneno: mambo ya motere yamekwisha, tusiangalie nyuma. Nikasema nyuma ndiko nilikotupwa, tuangalie.

Msemaji akaketi.

Aliyesimama ni Donati. Baba yake ameketi pembeni yake. "Papa aliziba tundu. Minye nilishika lami. Muke wangu hakuwa na kosa. Niliogopa kusema sijui, nikamuacha abebe."

Nikarudi naye. Tuliishi vizuri, wakuu, na mpaka anafariki hakuwahi kuniambia tena "Papa ndiye anajua".

Mzee Bulimwengu hakuniomba msamaha hata siku moja. Ila miaka yake ya mwisho, kila mawese yakiletwa nyumbani, alilichukua debe mwenyewe, akatoboa matundu mawili, taratibu, akaniletea jikoni bila neno. Wanangu wanasema hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha. Mimi nasema mdomo alikuwa nao, na alipotaka kunirudisha kwetu aliutumia.

Basi nilichojifunza ni hiki. Mashine haijui nani kaolewa lini. Ikiwaka na kuzima baada ya muda kidogo, legeza kifuniko cha tangi uone kama itaendelea. Ikiendelea, tafuta katundu ka hewa kalikozibwa na matope, rangi, au mtu mwema mwenye lami. Isipoendelea, endelea kutafuta kwenye mashine, usitafute jikoni.

Na nyie wa "chunguza ukoo wake", karibuni mkoment, nawasubiri. Mafundi nao waje, kama nimekosea kwenye ufundi nisahihisheni. Ila asije mtu kuniambia nisamehe kwa kuwa ni zamani.

Kaka wa Kamanyola, najua unasoma. Legeza kifuniko cha pampu yako sasa hivi. Halafu ikinguruma au isingurume, vaa shati, nenda kwao mke wako, na hilo jambo uliseme wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, watu wake wakisikia.